Amani ya Reagan ililipiwa na nani?



Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limetugawa walimu wa shule yetu kwa muda wa wiki tatu sasa. Jambo lenyewe ni la Marekani, tena ni la miaka mingi iliyopita, lakini nitaeleza kwa nini mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini amekosa usingizi kwa ajili yake.

Ubishi ulianza wakati wa mapumziko ya saa nne, chini ya mwembe tunapokunywa uji. Mwenzetu mmoja alikuwa akisimulia habari za mkutano wa NATO uliofanyika The Hague mwezi Juni 2025, ambako nchi wanachama zilikubaliana kufikisha matumizi ya ulinzi na mambo yanayohusiana nao asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2035. Akasema hiyo ndiyo siasa ya watu wazima. "Dawa ya moto ni moto," akasema. "Ronald Reagan alilimbikiza silaha mpaka Warusi wakasalimu amri, na risasi haikulia hata moja." Wawili wetu wakamwunga mkono. Mimi nikapinga. Sauti zikapanda hata watoto wakasogea kusikiliza.

Ndipo mtoto mmoja wa Darasa la Saba, aliyekuwa ameleta madaftari ya kusahihishwa, akauliza: "Mwalimu, hayo makombora yakishavunjwa, ile fedha inarudi?"

Tulicheka. Kengele ikagongwa, tukaenda madarasani. Lakini nilipokuwa nikiandika ubaoni nikatambua kwamba katika walimu wanne hakuna hata mmoja aliyemjibu. Barua hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa wenzangu wale watatu, na kwa yeyote anayedhani kwamba habari za Reagan ni rahisi kama zinavyosimuliwa.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si adui wa majeshi. Marehemu baba yangu alikuwa mgambo, na alikwenda vitani wakati majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978. Alirudi mwaka uliofuata na mguu ambao haukupona sawasawa mpaka anaingia kaburini. Hakuwahi kujuta, nasi watoto wake hatukuwahi kumsikia akisema kwamba nchi ingeweza kujilinda kwa barua. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa ni mmoja wa wale wanaoamini kwamba bunduki zote zingetupwa baharini basi dunia ingekuwa pepo. Ninachouliza ni hesabu: kilinunuliwa nini, kwa fedha ya nani, na je, hicho kilichonunuliwa ndicho kilicholeta matokeo tunayoyasifu?

Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Reagan hakuwa mnyonge, lakini haki yake nitampa. Alipoapishwa tarehe 20 Januari 1981 alikuta Wamarekani wamevunjika moyo. Vita ya Vietnam ilikuwa imewaachia kidonda. Maofisa wao wa ubalozi huko Tehran walikuwa wameshikwa mateka kwa siku 444, na waliachiwa siku ile ile aliyoapa. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan Desemba 1979, na makombora mapya ya Kirusi aina ya SS-20 yalikuwa yameelekezwa miji ya Ulaya Magharibi. Kusema kwamba hofu ile ilikuwa ya kubuni si kweli. Tena yafaa tukumbuke kwamba si Reagan aliyeanza kuongeza bajeti ya majeshi. Rais Jimmy Carter, ambaye wengi humwita mtu wa amani, alikwisha kuanza kuiongeza kabla hajaondoka.

Lakini Reagan aliikimbiza. Katika mwaka wa fedha 1980 Marekani ilitumia dola bilioni 134 hivi kwa ulinzi. Mwaka 1985 zilifika bilioni 253, na mwaka 1989 bilioni 304. Hata ukiondoa kupanda kwa bei za vitu, ongezeko ni kubwa mno kwa nchi ambayo haikuwa na vita kubwa. Kwa kipimo cha pato la taifa, ulinzi ulipanda kutoka asilimia 5 hivi mpaka kufikia asilimia 6 katikati ya kipindi chake. Niliwapa wanafunzi wangu hesabu ya kugawanya zile bilioni 304 kwa siku 365. Wakapata zaidi ya dola milioni 800 kwa siku moja. Mmoja alirudia hesabu mara tatu akidhani amekosea kuweka sifuri.

Kilinunuliwa nini? Ndege za mabomu aina ya B-1, ambazo Carter alizifuta mwaka 1977, zilirudishwa na zikaundwa 100. Jeshi la Majini lilipewa lengo la kuwa na manowari na meli 600. Makombora makubwa ya MX yakaundwa. Tarehe 23 Machi 1983 Reagan akatangaza mpango wa kuweka ngao ya kuzuia makombora, ambao magazeti yaliubandika jina la vita vya nyota. Mabilioni ya dola yakaingia humo, na ngao aliyoiota haikusimama katika utawala wake wala baada yake. Na kama ilivyo kawaida fedha inapomwagwa kwa haraka, wajanja nao hawakukosa. Wamarekani wenyewe walichachamaa katika miaka ile waliposikia kwamba Jeshi la Majini lilitozwa dola 640 kwa mfuniko mmoja wa plastiki wa choo cha ndege. Sisi walimu ambao shule zetu zina matundu machache ya vyoo kuliko yanayotakiwa, habari hii hatuwezi kuisoma bila kuishika vizuri karatasi.

Sasa nije kwenye swali la nani alilipa. Reagan aliahidi mambo matatu kwa pamoja: kupunguza kodi, kuongeza majeshi, na kusawazisha bajeti. La kwanza alilifanya mwaka 1981, ingawa baadaye alilazimika kurudisha baadhi ya kodi. La pili alilifanya pia. La tatu halikuonekana. Deni la serikali ya Marekani, ambalo alipoingia lilikuwa chini ya dola trilioni 1, alipoondoka Januari 1989 lilikuwa limepita trilioni 2 na nusu. Silaha si sababu pekee, kwa maana kodi zilizopunguzwa na matumizi mengine nayo yamo, lakini hakuna mtu mkweli atakayesema kwamba silaha hazikuwa na sehemu kubwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Waliokuwa watoto wakati ule ndio waliokuja kulipa riba.

Wala si watoto wa Marekani tu. Miaka ile riba ilikuwa juu sana duniani. Sababu ya kwanza ilikuwa ni Benki Kuu ya Marekani kupigana na mfumuko wa bei tangu mwaka 1979, na sababu nyingine ni hiyo serikali yao kukopa bila kupumzika. Mwenye mali akiwa na mahali salama pa kuweka fedha zake kwa riba nzuri, atazipeleka wapi kwingine? Dola ikapanda thamani. Nchi changa zilizokuwa zimekopa kwa dola zikajikuta zinalipa zaidi kwa deni lile lile, huku bei za mazao yao zikishuka. Mexico ilishindwa kulipa Agosti 1982, na nyingine nyingi zikafuata njia hiyo.

Mhariri, sisemi kwamba Reagan ndiye aliyetukosesha sabuni na sukari madukani. Mama yangu akisimulia foleni za miaka ile hutaja vita ya Kagera, bei ya mafuta, ukame, na makosa yetu wenyewe ya uendeshaji, na ni haki kuyataja yote. Ninalosema ni kwamba tajiri wa kijiji akikopa mfululizo kununua mbwa wa ulinzi, bei ya mkopo hupanda hata kwa yule mjane anayetaka kukopa jembe. Mjane hakuulizwa kuhusu mbwa.

Wenzangu hujibu: "Sawa, gharama ilikuwepo. Lakini amani ilipatikana." Hapo ndipo inatupasa kutazama miaka kwa mpangilio wake, maana watu wengi huichanganya. Miaka minane ya Reagan ilikuwa na nusu mbili ambazo hazifanani.

Nusu ya kwanza ilikuwa ya silaha na maneno makali, na haikuleta amani. Ilikaribia kuleta kinyume chake. Utazame mwaka 1983 peke yake. Tarehe 8 Machi Reagan aliiita Urusi ya Kisovieti dola ya uovu. Tarehe 1 Septemba Warusi waliitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, wakafa watu 269. Tarehe 26 ya mwezi ule ule mitambo ya Kirusi ilitoa kengele kwamba Marekani imerusha makombora, na ofisa mmoja, Stanislav Petrov, kwa akili yake mwenyewe akaamua kwamba mitambo imekosea. Alikuwa sahihi. Kama angekuwa mtu mwoga au mtu wa kufuata karatasi tu, pengine leo tusingekuwa na magazeti ya kuandikia barua. Mwezi Oktoba mamia ya maelfu ya watu waliandamana katika miji ya Ulaya Magharibi kupinga makombora ya Marekani kuwekwa kwao. Mwezi Novemba makombora yakawekwa, na Warusi wakaondoka kwenye mazungumzo ya Geneva. Kama kweli silaha ndizo zinazomleta adui mezani, mwaka ule zilimwondoa.

Na marafiki je? Nchi hupimwa pia kwa jinsi inavyoishi na rafiki zake. Mwaka 1982 Reagan aligombana na Uingereza, Ufaransa na Ujerumani Magharibi kwa kutaka kuyazuia makampuni yao yasitimize mikataba ya bomba la gesi kutoka Siberia. Oktoba 1983 aliivamia Grenada, kisiwa kidogo kilichokuwa katika Jumuiya ya Madola. Alitoa sababu zake: Waziri Mkuu Maurice Bishop alikuwa ameuawa na wenzake, wanafunzi wa Kimarekani walikuwa huko, na visiwa jirani viliomba msaada. Lakini hata Margaret Thatcher, rafiki yake mkubwa, alimpinga kabla ya uvamizi, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliulaani kwa kura 108 dhidi ya 9. Aprili 1986 ndege zake zilipokwenda kuipiga Libya, Ufaransa ilikataa zipite katika anga yake. Juni mwaka huo Mahakama ya Kimataifa ilihukumu kwamba Marekani imevunja sheria kwa kuwasaidia waasi wa Nicaragua na kutega mabomu katika bandari za nchi ile. Marekani ikaikataa hukumu. Sisi tulio katika kazi ya elimu tusisahau pia kwamba mwishoni mwa mwaka 1984 ilijitoa UNESCO, shirika ambalo yenyewe ilikuwa ikililipia kama robo ya bajeti.

Halafu likaja jambo la Iran. Novemba 1986 dunia iligundua kwamba serikali iliyokuwa ikizihubiria nchi nyingine zisiiuzie Iran silaha, yenyewe ilikuwa ikiiuzia kwa siri, na sehemu ya fedha ilipelekwa kwa waasi wa Nicaragua ambao Bunge la Marekani lilikuwa limekataza wasaidiwe. Mwalimu anayewachapa watoto kwa kuchelewa huku yeye mwenyewe anafika saa tatu hawezi kushangaa heshima yake ikipungua.

Kusini mwa Afrika ndiko mimi hasa nisikokubali kuambiwa kwamba risasi haikulia. Kama sisi wa Morogoro tukisahau, nani atakumbuka? Pale Mazimbu, ambako leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, palikuwa na shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Makaburi yao yapo hadi leo. Niliwahi kwenda na wanafunzi, tukasoma majina na miaka. Wengine walikuwa vijana kabisa.

Katika miaka ambayo vijana wale walikuwa wakiishi kwetu, serikali ya Reagan ilifuata siasa ya kuzungumza na makaburu kwa upole badala ya kuwawekea vikwazo. Bunge lake lenyewe lilipopitisha sheria ya vikwazo mwaka 1986, Reagan aliipinga kwa kura ya turufu. Likaivunja turufu hiyo: Baraza la Wawakilishi kwa kura 313 dhidi ya 83, na Seneti kwa 78 dhidi ya 21. Wabunge wengi wa chama chake waliungana na wapinzani wake. Sijui ushahidi gani mwingine unatakiwa kuonyesha kwamba rais alikuwa amekosea.

Januari mwaka huo huo Jonas Savimbi wa UNITA alipokewa Ikulu ya Marekani, na makombora ya kutungulia ndege yakafuata Angola. Vita ya Angola haikuisha mpaka Savimbi alipouawa mwaka 2002, miaka 13 baada ya Reagan kustaafu. Watu waliokatika miguu kwa mabomu ya ardhini huko walikatwa na vita ambayo wakubwa waliichochea kutoka pande zote mbili, maana Warusi na Wakuba nao walikuwamo. Kweli risasi hazikulia Washington wala Moscow. Zililia Kuito na Huambo. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, lakini mara nyingi tunasahau kuuliza nyasi zenyewe zinaitwa nani.

Hata hapa nitatoa haki. Serikali ile ile haikuisaidia RENAMO ya Msumbiji, ingawa wapo Wamarekani walioishinikiza iisaidie, na mwaka 1985 Reagan alimkaribisha Samora Machel Washington. Pia mwanadiplomasia wake, Chester Crocker, alisuluhisha mapatano yaliyotiwa sahihi New York Desemba 1988, ambayo kwayo Wakuba walikubali kuondoka Angola na makaburu wakakubali kuondoka Namibia. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Lakini azimio la Umoja wa Mataifa la kuipa Namibia uhuru lilikuwapo tangu mwaka 1978. Tangu 1981 lilifungwa kwa sharti la Wakuba. Wanamibia walingoja, na waliofia katika kungoja hawakurudi.

Sasa nije nusu ya pili, ambayo ndiyo inayompa Reagan sifa, na ambayo wenzangu wanaisoma vibaya. Januari 1984 alianza kubadili lugha. Machi 1985 Mikhail Gorbachev alishika uongozi huko Moscow, baada ya wazee watatu kufa mmoja baada ya mwingine katika muda usiofika miaka mitatu. Wawili hao walikutana Geneva Novemba 1985, wakakutana Reykjavik Oktoba 1986, na tarehe 8 Desemba 1987 wakatia sahihi mkataba wa kuyafuta kabisa makombora ya nchi kavu yenye kufika kilomita 500 mpaka 5,500. Kufikia mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yamevunjwa, na ya Warusi yalikuwa mengi zaidi ya mara mbili ya yale ya Marekani. Wakaguzi wa kila upande walikwenda kuona kwa macho. Mwaka 1988 Reagan alitembea Moscow, na alipoulizwa kama bado anaiona ile kuwa dola ya uovu, alijibu kwamba hapana, zile zilikuwa zama nyingine.

Hilo ni jambo kubwa, nami nalivulia kofia. Mzee aliyekuwa amejenga jina lake lote juu ya kuwachukia Wakomunisti aliweza kukaa na mmoja wao na kumwamini huku akikagua. Wako wenye chama chake waliomkasirikia.

Mwenzangu akasema: "Unaona? Bila silaha Gorbachev asingekuja." Hii ndiyo hoja yake yenye nguvu, na sitaikwepa. Ni kweli kwamba Reagan alipendekeza kufuta makombora ya aina hiyo tangu Novemba 1981, wakati upande wake ulikuwa bado haujaweka yake. Ni kweli pia kwamba ni vigumu kumwomba mtu atupe fimbo yake ikiwa wewe huna ya kutupa. Hilo nalikubali.

Lakini fimbo zilikuwapo kwa miaka mingi, na mezani hapakuwa na mtu. Kilichobadilika mwaka 1985 kilikuwa ni watu, na haja zao. Gorbachev alirithi nchi ambayo uchumi wake ulikuwa unaumwa kutoka ndani, iliyonaswa katika vita ya Afghanistan, na mwaka 1986 bei ya mafuta waliyokuwa wakiyauza nje ikaporomoka. Alihitaji kupumua. Na Reagan alikubali kumwachia apumue. Huko Reykjavik walikaribia kukubaliana kufuta silaha nyingi zaidi, na kilichowakwamisha kilikuwa ni ile ngao ya vita vya nyota ambayo Reagan alikataa kuifungia maabara. Yaani silaha ambayo haikuwapo ndiyo iliyozuia kuvunjwa kwa silaha zilizokuwapo. Wanaosema ngao ile ndiyo iliyoleta amani wajibu hilo.

Nikirudi kwa mwanafunzi wangu: hapana, mwanangu, fedha ya kombora hairudi. Kombora likishaundwa, ukilirusha fedha imepotea, usipolirusha fedha imepotea, na ukitaka kulivunja unaongeza fedha nyingine ya kulivunja. Fedha inayoweza kuokoka ni ya kombora ambalo halijaundwa bado. Baada ya mikataba ile na kumalizika kwa Vita Baridi, sehemu ya pato la Marekani iliyokwenda kwenye ulinzi ilishuka mpaka asilimia 3 hivi kufikia mwisho wa miaka ya 1990. Hiyo ndiyo fedha iliyorudi, na iliyoirudisha ni karatasi mbili zilizotiwa sahihi na watu waliokubali kukaguana.

Na karatasi nayo huchanika. Marekani ilijitoa rasmi katika mkataba ule wa 1987 tarehe 2 Agosti 2019, baada ya kuituhumu Urusi kwamba imeuvunja kwa kombora jipya. Kazi ya Reagan iliyo bora kuliko zote iliishi karibu miaka 32. Leo viongozi wengi hulitaja jina lake wanapoomba fedha za silaha, lakini ni wachache wanaolitaja wanapoombwa kukaa mezani. Wanachukua nusu ya kwanza ya mtu yule na kuiacha ile ya pili, kama mtu anayekula ndizi kwa maganda na kuutupa moyo.

Mimi nawashauri wasomaji, na hasa walimu wenzangu tunaoulizwa maswali na watoto, kwamba anaposifiwa rais yeyote, wa nchi yoyote, kwa ajili ya kuongeza silaha, tuulize mambo matatu. Je, hatari anayoitaja ipo kweli, kama ilivyokuwapo Kagera mwaka 1978? Je, anailipia silaha yake kwa kodi aliyoitangaza hadharani, au kwa deni la watoto ambao hawajazaliwa? Na je, wakati anafunga mlango kwa komeo, ameacha dirisha la kuzungumzia? Reagan kwa swali la kwanza anapata maksi nzuri. Kwa la pili anashindwa. Kwa la tatu alishindwa muhula wa kwanza, akafaulu muhula wa pili, na kwa ajili hiyo historia haitamsahau.

Wenzangu watatu wa chini ya mwembe bado hawajakubali. Mmoja ameniambia niandike gazetini kama nina uhakika, naye atanijibu. Nimeandika. Namngoja katika ukurasa huu huu, na ninamwomba ajibu kwa hesabu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.